Majira ya Mvua katika Mji wa Kyoto

Mtu aliyezaliwa Tanga, akaijua masika tangu utotoni kwa radi zake, kwa pepo zinazogeuka kutoka kaskazi kuwa kusi, na kwa namna inavyoshuka kwa kishindo kisha ikaliachia jua nafasi yake, hana budi kuianza upya elimu yake ya mvua anapofika katika mji wa Kyoto mwezi wa Juni. Mvua ya huko haina haraka wala hasira. Hunyesha rasharasha asubuhi, ikaongezeka adhuhuri, ikapungua jioni bila kukatika, na usiku ikaendelea juu ya vigae vya mapaa kwa sauti moja, hata mgeni akatanabahi kwamba hajaliona jua tangu juma lililopita. Nilikwenda huko kusoma lugha ya Kijapani, na wenzangu walionitangulia walinishauri niyavumilie majira hayo kwa kujifungia chumbani na vitabu mpaka yapite. Nasema kwa yakini kwamba lau ningaliufuata ushauri huo, ijapokuwa ulitolewa kwa mapenzi, ningaliikosa sehemu iliyo bora ya masomo yangu.

Kuingia kwa majira hayo ni jambo linalotangazwa rasmi. Idara ya Hali ya Hewa ya Japani hutoa tangazo kwa kila eneo, kuanzia visiwa vya Okinawa mwezi wa Mei, na tangazo hupanda kaskazini pamoja na mawingu mpaka likafika eneo la Kinki, ambamo Kyoto imo, aghalabu katika siku za mwanzo za Juni. Hokkaido peke yake, kisiwa kikubwa cha kaskazini, hakitangaziwi kitu, maana huhesabiwa kuwa hakina majira hayo. Lililonipendeza ni uangalifu wa wataalamu hao: husema kwamba majira yaelekea yameingia, wala hawavuki hapo, na ifikapo Septemba huketi wakazipitia hesabu zao na kuzisahihisha tarehe pale inapolazimu. Sababu ya mvua yenyewe tulielezwa darasani kwa picha. Hewa baridi inayotoka upande wa Bahari ya Okhotsk hukutana juu ya visiwa vya Japani na hewa ya joto, iliyojaa unyevu, inayotoka Bahari ya Pasifiki. Na kwa kuwa hakuna inayokubali kuipisha nyingine, ukanda mrefu wa mawingu hutanda hapo kwa muda wa wiki sita hivi, ukisogea kusini na kaskazini kidogo kidogo, mpaka hewa ya joto ikapata ushindi baada ya katikati ya Julai, na ndipo jua kali la majira ya joto linaposhika enzi.

Maskani yangu yalikuwa katika wilaya ya Sakyo, si mbali na mahali ambapo mto Takano huungana na mto Kamo, katika nyumba kongwe ya mbao ambayo mwenyewe, bibi mjane aliyepita miaka sabini, alikaa chini na kuvipangisha vyumba vya juu kwa wanafunzi. Sisi wapangaji tulimwita Ooya-san, kama ilivyo desturi ya wapangaji wa nchi hiyo kuwaita wenye nyumba zao. Chumba changu kilitandikwa tatami, ile mikeka minene inayosukwa kwa nyasi za igusa juu ya kitako cha mabua ya mpunga, na wakati wa unyevu harufu yake ilikuwa nzito na tamu. Lakini tatami huyanywa maji ya hewani, na isiyopigwa upepo huota kuvu. Kwa hiyo kazi ya kila asubuhi, kabla ya chai na kabla ya kitabu, ilikuwa kuliinua godoro la futoni kutoka sakafuni, kuifungua milango ya kabati na kuiacha wazi, na kupitisha kitambaa kikavu juu ya viatu vya ngozi, ambavyo vikiachwa siku chache tu huvaa koga ya kijani. Kamusi yangu nayo ilihitaji kufutwa mgongo wake. Ndani ya kabati niliweka visanduku vya plastiki vinavyouzwa katika kila duka kwa ajili ya majira hayo, vyenye chembe nyeupe za chumvi inayovuta unyevu, na kila nilipovitazama nilikuta maji yamepanda, maji yaliyotoka hewani mwa chumba kile kile nilimokuwa nikilala na kusoma.

Nguo zilianikwa ndani, na zilipokataa kukauka nilizibeba hadi kwenye nyumba ya mashine za kufulia iliyokuwa kwenye pembe ya njia. Kyoto ni mji wenye sifa ya kuuficha moyo wake; Wajapani wa miji mingine wenyewe husema kwamba mtu wa Kyoto si mwepesi wa kumfungulia mgeni mlango. Niliyoyaona katika majira ya mvua yaliipunguza nguvu sifa hiyo. Watu waliokuwa wakinipita njiani kwa kuinamisha kichwa tu, sasa waliketi nami kwenye benchi moja tukingoja mashine zimalize mzunguko wake, na mvua ilikuwa nje ya mlango, tayari kuzungumzwa. Mzee mmoja alinifahamisha ni upande gani wa mlima Hiei ukizibwa na wingu mvua ya jioni itazidi. Mama mmoja mwenye watoto alinionyesha kidoli cheupe cha karatasi ambacho mwanawe alikuwa amekitengeneza ili kukitundika dirishani, kiombe jua kwa ajili ya matembezi ya shule. Mwanafunzi wa lugha hatafuti darasa kubwa kuliko hilo.

Kwa masikio ya Mswahili, Kijapani huanza kwa urafiki. Irabu zake ni tano, zile zile zetu, na silabi zake karibu zote hukoma kwa irabu, hata mtu wa pwani akaweza kuyatamka maneno yake sawasawa siku ile ile anayoyasikia. Ugumu huja nyuma. Kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, na ukanushi hukaa mwisho wa kitenzi, ilhali sisi huutanguliza ukanushi, msikilizaji akajua tangu silabi ya kwanza kwamba amekataliwa. Anayemsikiliza Mjapani hana budi kulishika kila neno mkononi, bila kulihukumu, mpaka pumzi ya msemaji ifike mwisho. Kisha ziko herufi: hiragana 46, katakana 46, na kanji, ambazo orodha rasmi ya mwaka 2010 imezihesabu 2,136 kwa matumizi ya kila siku, nazo hazikubali kukaa kichwani pasipo kupita mkononi. Usiku niliziandika katika karatasi za miraba. Karatasi zilikuwa zimelainika kwa unyevu, wino ukatambaa nje ya mistari yake, nami nikajua kwa nini Ooya-san alinihimiza nitumie penseli mpaka Julai iishe.

Katikati ya Juni maduka ya mboga hujaa ume. Hilo ni tunda la jamii ya plamu na aprikoti, dogo, chachu mno kuliwa bichi, na zaidi ya nusu ya ume za nchi nzima hutoka katika mkoa mmoja, Wakayama, ulio kusini mwa Kyoto. Zile za kijani hutiwa katika pombe pamoja na sukari. Zilizoiva, za manjano, ambazo harufu yake hukujia kabla hujalifikia duka, hutiwa chumvi, na hiyo ndiyo umeboshi, tunda jekundu lenye ukali ambalo Wajapani huliweka juu ya wali. Ooya-san alikuwa ametengeneza umeboshi kila mwaka tangu alipoingia nyumba hiyo akiwa bibi arusi, lakini viganja vyake vilikuwa vimeanza kukosa nguvu, akaniita chini niwe mikono yake.

Tuliketi jikoni, mlango wa uani ukiwa wazi, mvua ikianguka juu ya maua ya hidranjia aliyoyapanda kando ya kisima, ambayo hugeuka rangi kwa kadiri ya uchachu wa udongo, yakawa buluu pale udongo ulipo mchachu. Kwanza ume huoshwa na kukaushwa moja moja, kwa sababu tone moja la maji lililobaki laweza kuleta kuvu na kuuharibu mtungi mzima. Kisha kikonyo cha kila tunda hutolewa kwa ncha ya kijiti cha mwanzi, bila kuichana ngozi. Ndipo chumvi inapopimwa: yeye alishika kanuni ya zamani, sehemu 18 za chumvi kwa sehemu 100 za matunda, na alisikitika kwamba madukani siku hizi huuzwa umeboshi za chumvi kidogo zilizotiwa asali, ambazo hazidumu. Tulizipanga ume na chumvi tabaka juu ya tabaka, tukazifunika, tukaweka juu yake uzito wa mawe. Baada ya siku chache matunda yalitoa maji yake yenyewe, safi na makali, yakapanda mpaka yakazifunika, na Ooya-san alipoyaona alipumua kwa faraja, maana tunda lililozama halioti kuvu.

Kazi hiyo mikono yangu iliitambua. Nilimweleza kwamba kwetu mama zetu hufanya hivyo kwa ndimu: huzipasua, wakazishindilia chumvi, wakazianika juani ndani ya mitungi siku nyingi mpaka maganda yalainike na kugeuka rangi, kisha wakazitia pilipili, zikawa achari ya kuliwa na wali ule ule. Aliweka kijiti chini. Aliniuliza chumvi yetu ni ya bahari au ya mgodini. Aliniuliza ni siku ngapi za jua, na kama mvua ikitukuta katikati ya kazi tunafanyaje. Aliniuliza kama mtungi wa mwaka huu huchanganywa na wa mwaka jana. Hakuna hata moja katika maswali hayo lililokuwa katika kitabu changu cha darasani, ambamo watu huulizana njia ya kwenda stesheni na bei ya tiketi. Nililazimika kuyaomba maneno kwake ili nimjibu yeye mwenyewe, naye alinipa, moja baada ya jingine, la kushindilia, la kukamua, la kuchujuka, la kuanika, nami nikayatumia papo hapo, yakaingia yasitoke. Jioni ile niliandika kurasa nyingi kuliko usiku wowote wa nyuma.

Ili ume ziwe nyekundu yahitajiwa majani ya shiso, mmea wa jamii moja na rehani, na majani yanayosifiwa katika sehemu zile hutoka Ohara, bonde lililo kaskazini mwa mji, ambalo wakazi wake kwa majani hayo hutengeneza pia achari ya bilingani inayojulikana nchi nzima. Ooya-san alinituma huko kwa basi. Njia hupanda sambamba na mto Takano, nyumba zikapungua, misitu ya misunobari na mierezi ikasogea, na ghafla bonde likafunguka, kijani kitupu, mashamba ya mpunga yamejaa maji hadi ukingoni na miche iliyopandwa majuma machache nyuma imesimama safu safu katikati ya vitone vya mvua. Mkulima aliyeniuzia shiso, mama wa makamo aliyevaa kofia pana, alinitazama nilivyokuwa nikiukunja mwavuli, akasema kwamba wapita njia huilalamikia mvua hii, lakini ikikosekana Juni, hakuna awezaye kula Oktoba.

Maneno hayo nilimletea Ooya-san pamoja na majani, naye akayaongezea upande wa pili. Mwaka 1993, alisema, majira hayakwisha. Jua la Julai halikuja, wala la Agosti. Idara ya Hali ya Hewa iliyotangaza mwisho wa mvua katika maeneo mengi ililazimika kuliondoa tangazo lake. Mpunga ulidumaa kwa baridi bila kujaza punje, mavuno yakapungua kwa karibu robo, na taifa lililojivunia kujilisha wali wake likaagiza mchele kutoka Thailand na nchi nyingine. Ooya-san mwenyewe alipanga foleni. Aliyasimulia hayo huku tukiyasugua majani ya shiso kwa chumvi, tukiyakamua maji ya kwanza, meusi na machungu, ambayo humwagwa. Kisha tukayamwagia majani hayo kidogo ya yale maji makali ya ume, na mbele ya macho yangu weusi wote ukageuka wekundu unaong'aa, ambao sijapata kuuona katika jiko lolote.

Hofu yao kwa mvua ina historia iliyoandikwa. Mto Kamo, ambao kingo zake leo ni mahali pa kutembea na kupiga vinanda, ulifurika tarehe 29 Juni 1935, ukayachukua madaraja makubwa ya Sanjo na Gojo na kuzamisha sehemu kubwa za mji. Baada ya gharika hiyo kitako cha mto kilichimbwa upya kwa kina. Na Julai 2018 mvua za majira hayo hayo ziliua watu zaidi ya 200 katika mikoa ya magharibi. Tangu mwaka 2019 maonyo yamepangwa katika daraja 5, na likitolewa la nne, kila aliye katika mahali pa hatari hana budi kuhama. Usiku mmoja simu zote za nyumba yetu zililia pamoja. Nilishuka, nikamkuta Ooya-san amekwisha weka mlangoni mkoba wake wa dharura, kitambulisho, dawa na tochi, akanisomesha tangazo kwenye simu yangu neno kwa neno, kwa sauti tulivu, akihakikisha kwamba nimefahamu ni kata ipi inayohama na ipi inayongoja. Yetu ilikuwa ya kungoja. Tulikesha tukinywa chai ya shayiri, na mpaka leo naona kwamba kila shule inayowafundisha wageni Kijapani yapaswa kuyafundisha matangazo hayo mwezi wa Mei, kabla ya mashairi na kabla ya insha.

Jambo la adabu nalo nalikumbuka kwa mapenzi. Mtoto aliyelelewa kwa shikamoo hukubali kwa urahisi kwamba lugha hubadilika mbele ya mkubwa. Ila kwetu umri ndio mizani, na kwa Wajapani mizani ni mbili, umri au cheo, na ndani au nje. Ooya-san alipomzungumzia marehemu mumewe mbele ya fundi wa paa alimshusha, kwa kuwa mume ni wa ndani. Alipomzungumzia mwalimu wangu, ambaye hakupata kumwona, alimpandisha, kwa kuwa ni wa nje. Sheria hiyo nilikuwa nimeisoma ikiwa imepangwa katika majedwali. Kuisikia ikitembea katika kinywa cha mtu mzima, bila juhudi wala unafiki, kulinifanya niiheshimu.

Sala zilikuwa na hesabu yake. Pwani yetu, Makka iko kaskazini, hata neno kibla kwa wazee wetu hutosha kuutaja upande huo. Kyoto nililazimika kuugeuza mwili na mawazo kuelekea magharibi, kaskazini kidogo, upande ambako mawingu ya mvua hutokea. Alfajiri ya Juni huanza karibu na saa tisa ya usiku. Baadhi ya Ijumaa nilipanda treni hadi Kobe, safari isiyotimia saa moja, kusali katika msikiti uliofunguliwa mwaka 1935 kwa mali za wafanyabiashara wageni waliokaa bandarini pale, Wahindi wengi miongoni mwao, ambao ndio msikiti wa kwanza wa nchi hiyo, nao ulisalimika katika mabomu ya 1945 na katika tetemeko la 1995. Wakati mwingine nilishuka Osaka, ambako chuo kikuu cha huko kina idara ya Kiswahili. Wanafunzi wake walinisomea insha zao, ngeli zimekaa mahali pake, na walinisimamisha palipokuwa na methali wakitaka kujua inasemwa na nani kwa nani.

Tarehe 30 Juni watu wa Kyoto hula minazuki, keki nyeupe ya unga wa mchele iliyokatwa pembe tatu, juu yake maharage mekundu. Jumapili ya kwanza ya Julai ulikuwa mtihani wa taifa wa Kijapani, unaofanywa pia siku hiyo katika nchi nyingine nyingi. Nilifanya daraja la N3, na katika sehemu ya kusikiliza, mvua ikipiga vioo vya ukumbi, niliyashika maneno mpaka mwisho wa sentensi kwa subira ambayo jikoni mwa Ooya-san ndimo nilimoipata. Mtihani huo haupimi ulimi wala mkono. Hujibiwa kwa kutia weusi duara dogo. Ni kipimo cha haki kwa kile unachokipima, na shule zinazowafanya wanafunzi wake waamini kwamba hakuna kingine cha kupimwa zinawanyima mengi.

Tarehe 17 Julai magari ya sikukuu ya Gion yalipita mjini, marefu, mengine ya uzito wa tani 12 hivi, yakiburutwa kwa kamba, na mazulia ya Uajemi na Uhindi yaliyoyapamba tangu karne zilizopita yamefunikwa plastiki kwa ajili ya manyunyu. Siku chache baadaye tangazo lilitoka: yaelekea majira yamekwisha. Ooya-san hakungoja Septemba. Alitazama mbingu, akasikia nyenje, akaniambia nizitoe ume uani, nami nikazipanga juu ya nyungo za mwanzi zisigusane, nikazigeuza moja moja adhuhuri, siku tatu mfululizo, mchana juani na usiku umandeni, mpaka ngozi zake zikajikunja na kutoa ung'avu wa chumvi.

Masomo yalipofungwa kwa likizo ya Agosti nilikwenda Osaka na kopo lililojaa umeboshi. Tuliketi na wale wanafunzi wa Kiswahili, tukazila kwa wali, na mmoja wao, aliyekuwa akijitayarisha kwenda Zanzibar, aliniomba nimwandikie namna ya kutengeneza achari ya ndimu. Nikamwandikia ndimu, chumvi, pilipili na siku za jua, kwa Kiswahili, na chini ya kila mstari, kwa kanji, nikamwandikia na Kijapani chake ili ampe mama yake.